Vidonge vya Kahigwa

Katika kamati ya afya ya Kiseke, mimi ndiye niliyekuwa mkali. Niliingia nyumba za watu, nikafunua makopo, nikauliza dawa hii ya mwaka gani. Kama muda wake umepita, nilimsimamia mwenyewe mpaka aiponde, aichanganye na majivu na kuifukia mbali na kisima. Kutupa ziwani marufuku, kumgawia jirani marufuku. Wanawake walinichoka, na siwalaumu.

Lakini mganga hajigangi. Kabatini kwangu kulikuwa na chupa ya klorokwini, dawa ya malaria, vidonge sita. Mume wangu Kahigwa alikuwa na tabia ya kumeza nusu dozi. Akipata nafuu, anaweka akiba. "Hivi nitavimalizia nikirudi," alisema siku alipoondoka na wanamgambo kwenda vitani, mwaka 1978. Sasa ilikuwa 1981. Wenzake walikwisharudi, yeye hakurudi, wala barua ya msiba haikuja. Nilikuwa na hamu na mtu yule, hata ubishi wake.

Siku hiyo jirani yangu Mwaija alikuja kuomba chumvi, nikamwambia ajichotee kabatini. Akatoka na chupa mkononi.

"Mama Kemi, hapa imeandikwa mwisho mwaka jana. Mimi ulinilazimisha kufukia za mwanangu huku naona uchungu."

"Ni za Kahigwa."

"Najua ni za nani. Una mtoto humu ndani. Akishikwa na homa wewe hupo, atameza."

Nilimimina vidonge vyote sita. Niliviponda juu ya jiwe, nikachanganya na majivu na matope, nikafukia nyuma ya migomba. Nililia waziwazi, na Mwaija hakunikataza.

Kesho yake asubuhi nikaenda zahanati. Kahigwa hakosi homa akitoka safari. Sikutaka akute nyumba haina dawa. Nesi Dorotea akachukua kalamu.

"Jina la mgonjwa?"

"Kahigwa Rutashobya."

"Dawa ni chache, dada. Lazima nimwone mwenyewe. Yuko wapi?"

Miaka mitatu watu walikuwa wakiniuliza hivyo, na kila mara nilijibu kwamba yuko njiani. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na kina mama walikuwa wamebeba watoto wenye homa.

"Sijui," nikasema, nikampisha aliyefuata.