Pete ya Mama Ndani ya Chupa

Mama alituachia pete moja ya dhahabu, nasi tuko wawili. Mimi ni fundi viatu, niliishia darasa la sita ili mdogo wangu aendelee. Akasoma mpaka akaajiriwa maabara. Nyumbani tunamwita Profesa.

"Kaka, tusiikate," alisema. "Nitaigeuza maji mekundu, kila mtu apate chupa yake."

"Dhahabu nyekundu? Unanifanya mjinga?"

Akanipeleka maabara, akaniwekea mezani chupa ya maji mekundu.

"Dhahabu hiyo. Tunaiyeyusha kwa asidi, kisha tunaijenga upya kwa chembe ndogo mno. Ukizipanga kwenye upana wa unywele mmoja, zinaingia maelfu. Ikiwa ndogo hivyo, mwanga unaipiga kwa namna nyingine. Umanjano unakwisha."

"Nitajuaje kama si rangi ya nguo?"

Akacheka, akadondoshea maji ya chumvi. Wekundu ukageuka buluu mbele ya macho yangu.

"Chumvi inazifanya chembe zigandamane," alisema, "na zikigandamana rangi inabadilika. Rangi ya nguo haiwezi hivyo."

Nikampa pete.

Wiki mbili baadaye akaniletea chupa yangu. Niliiweka rafuni, kando ya makopo ya gundi, na kila mteja aliyeuliza nilimjibu: huyo ni mama.

Jana mke wangu alikuja kibandani na dada yake, wametoka sokoni.

"Shemeji, siku hizi unauza na sharubati?"

Nikaona dawa yake ni kumwonyesha. Nikamimina kidogo kwenye kisosi, nikamwomba mke wangu chumvi kutoka kikapuni.

"Tazama sasa. Inakuwa buluu."

Nyekundu. Nikaongeza chumvi, nikakoroga kwa kidole. Nyekundu vilevile, na kidole nacho. Shemeji akaacha kucheka, akajifanya anatazama viatu.

Nikampigia Profesa.

"Labda chumvi yako mbovu, kaka."

"Pakiti mpya. Nimeifungua sasa hivi."

Akaanza habari za joto la kibandani, nikamkatiza.

"Pete iko wapi?"

"Kaka, ile chupa ulitakiwa kuitunza tu. Nani alikwambia uitie chumvi?"

"Wewe."

Nikakata simu. Kidole nimekisugua kwa sabuni, nikakisugua kwa petroli ninayotolea gundi. Mpaka leo asubuhi bado ni chekundu.