Mistari Miwili Isiyo na Jina

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na Khisa aliipangia asubuhi moja tu. Yeye na mwenzake Cheptoo walikuwa wametengeneza programu ya kuandikia msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta hufuata, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Kila kitu ndani yake kilikuwa kwa Kiswahili isipokuwa ukurasa mmoja, ule wa rangi. Programu ya aina hiyo huyapaka maneno rangi kulingana na kazi yake, amri rangi yake, namba rangi yake, ili jicho la anayeandika lisipotee. Makundi hayo yalikuwa kumi na mawili. Kila moja lilihitaji jina ambalo mtoto wa kidato cha kwanza kule Kiminini angelielewa bila kumsumbua mwalimu.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili mjini Kitale, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Ulikuwa mwezi wa Machi, watu wakijiandaa kupanda, na kelele za wanunuzi zilipanda ngazi hadi kwenye meza zao.

"Amri, hiyo haina shida," Cheptoo alisema. "Namba, sawa. Hii ya maneno yenye yako ndani ya alama tunaiita aje?"

"Nukuu."

"Na yale mtu anajiandikia mwenyewe, kompyuta inaruka tu?"

"Maoni."

"Maoni ni ya wanasiasa, bana. Mtoto akiandika 'hapa sijaelewa', hiyo ni maoni?"

Khisa alifikiri kidogo. "Basi tuite Kando. Si ni maneno ya kando?"

Cheptoo alipenda hilo. Alikuwa mtu wa Saboti, amefundisha hesabu miaka sita kabla ya kuacha chaki, na hakuwa mwepesi wa kupenda kitu. Kufikia saa sita majina yote kumi na mawili yalikuwa tayari. Khisa aliyaandika, akaizima programu, akaiwasha tena, kisha akafungua ukurasa wa rangi.

Mistari ilikuwa kumi na minne.

Ile miwili ya ziada ilikuwa juu kabisa, kabla ya Amri. Haikuwa na majina. Kila mmoja ulikuwa na kidirisha cha rangi tu, na rangi ilikuwa ile ile kwa yote miwili, wekundu wenye kahawia kama shamba lililolimwa jana.

"Umeongeza?" Khisa aliuliza.

"Mimi? Si umekaa hapa ukiniangalia."

Khisa aliifuta ile mistari. Alipowasha tena, ilikuwa imerudi. Alidhani ni kosa la kawaida, orodha mahali fulani inaanza kuhesabu vibaya, akaanza kulitafuta. Lakini Cheptoo ndiye aliyeona jambo la pili. Alikuwa amefungua faili mojawapo ya programu yao. Juu ya kila faili waliandika jina la aliyelitengeneza, na mbele ya jina "Khisa", upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na herufi yoyote, palikuwa na vidoa viwili vidogo vya rangi ile ya udongo, kila kimoja upana wa herufi moja hivi.

Alifungua faili jingine. Vilikuwepo. Akafungua lake mwenyewe, lenye jina la Cheptoo. Hapakuwa na kitu.

Kwa kuwa hakupenda maneno yasiyopimwa, Cheptoo alipima. Kwenye ukurasa mtupu aliandika jina lake, akaandika la mumewe, akaandika Kimeli, Ndung'u na Bilha, majina ya watu wa duka la chini. Yote yalikaa bila kidoa. Kisha akaandika Khisa. Kabla hajainua kidole kutoka kwenye herufi ya mwisho, vile vidoa viwili vilikuwa vimekwisha kujitokeza mbele yake, vimekaa bega kwa bega.

"Labda kuna herufi zilizofichika," Khisa alisema.

Cheptoo alilichunguza faili kwa programu nyingine inayoonyesha kila kitu, hata nafasi. Mbele ya zile herufi tano za jina hapakuwa na chochote.

Alasiri ile mvua ilinyesha, na duka la chini likanyamaza. Khisa alijaribu kuipa ile mistari majina ili angalau ipate utulivu. Aliandika Tupu. Alipowasha tena, jina lilikuwa limefutika. Aliandika Ziada, likafutika. Aliandika Haijulikani, na safari hiyo hata hakuzima kitu. Herufi zilitoweka moja moja mbele ya macho yake, kuanzia ya mwisho, kama mtu anavyofuta alichokiandika mwenyewe vibaya.

Cheptoo alisukuma kiti chake nyuma. "Khisa, nikuulize kitu. Hapa kwetu tumeishi na Wabukusu tangu nikiwa mdogo. Khisa si ni yule anazaliwa akifuata mapacha?"

"Ndio. Lakini mimi nilipewa la babu."

Jibu hilo alikuwa nalo mdomoni tangu utotoni. Popote alipotaja jina lake kule kwao Bungoma, mtu angeuliza mapacha wako wapi, naye angesema ni jina la babu, na mambo yangeisha. Alijulikana kuwa kifungua mimba, kisha dada zake wawili.

"Na hiyo mistari iko wapi kwa orodha?" Cheptoo aliuliza. "Si iko mbele ya zote?"

Jumamosi iliyofuata Khisa aliteremka Bungoma kumwona mama yake, akiwa na laptopu ndani ya mkoba.

Mama yake aliitwa Phelista. Alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya ardhi na aliishi peke yake nje kidogo ya mji, upande wa Kanduyi, tangu mumewe afariki. Khisa alimkuta barazani akichambua maharagwe ya mbegu kwenye ungo. Walisalimiana, chai ikaja, wakazungumza habari za mvua na za dada zake. Kisha Khisa akasema, "Mama, Khisa ni jina la babu kweli?"

"Si ndio vile baba yako alisema."

"Nimeuliza wewe."

Mama aliendelea kuchambua. Khisa aliwasha laptopu, akaandika jina lake kwenye ukurasa mtupu, akamwekea mama magotini mahali pa ungo. Mama alivaa miwani na kutazama kwa muda mrefu. Hakushangaa kama watu wanavyoshangaa. Uso wake ulitulia tu.

"Hizi alama mbele ya jina lako, ni wewe umeweka?"

"Hapana."

"Hii ya kwanza ni kubwa kidogo."

Khisa aliinama. Hakuwa ameliona hilo siku zote zile. Kidoa cha kwanza kilikuwa kipana kuliko cha pili, kwa kiasi cha unywele.

"Wa kwanza alikuwa mnono kidogo," mama alisema. "Muuguzi alimpima mara mbili."

Alivua miwani, akazungumza bila kumtazama Khisa. Walizaliwa miaka miwili kabla yake, wasichana wawili. Mwaka huo baba alikuwa amefanywa mzee wa kanisa. Ndugu walitaka kuja kuimba na kufanya mambo ya mapacha vile yalivyokuwa yakifanywa, naye akawarudisha langoni, akasema nyumba yake ni ya Kikristo, watoto watapata majina siku ya ubatizo. Siku ya nne wa kwanza alikwenda asubuhi, na mwenzake akamfuata mchana.

"Baba yako akasema hawakubatizwa, kwa hivyo hakuna jina la kuandika mahali popote. Na wasitajwe hapa. Nikakubali. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, baba, ningesema nini? Ulipozaliwa, shangazi yako Nasike alikuita Khisa kwa sauti mbele ya watu wote, kabla baba yako hajafungua mdomo. Ilikuwa imeshatoka. Ndio akasema basi, ni la babu."

"Wangeitwa nani?"

"Kwetu pacha hatafutiwi jina, anakuja nalo. Hata wewe unajua."

Khisa alijua. Lakini alitaka asikie kutoka kwake, na mama akalielewa hilo. Aliinamia kioo cha laptopu na kusema polepole, kwa sauti ya mtu anayewaita watoto walio uani waje ndani, "Mukhwana. Mulongo."

Khisa alifungua ukurasa wa rangi na kuandika Mukhwana kwenye mstari wa kwanza. Alikuwa hajagusa mstari wa pili simu yake ilipolia. Alikuwa Cheptoo, ambaye Jumamosi hufanya kazi hadi mchana.

"Khisa, umeingia kwa programu ukiwa huko?"

"Hapana. Hapa laptopu haina hata mtandao."

"Basi nani ameandika hapa? Ile mistari imepata majina sasa hivi."

"Majina gani?"

Cheptoo alisoma akisitasita, kama mtu asiyezoea maneno. "Mukhwana. Na huyu mwingine ni Mulongo." Kisha akauliza, "Nifute?"

"Usifute," Khisa alisema. Aliangalia kioo chake. Mstari wa pili ulikuwa bado mtupu. Aliandika Mulongo, na mama, aliyesikia kila kitu, akaanza kulia bila sauti.

Baadaye mama alimshika mkono, wakaenda nyuma ya jikoni, penye migomba. Hapakuwa na alama yoyote. Khisa alikuwa amecheza hapo utoto wake wote, akikata majani na kuchimba mashimo. Walisimama, jua likiwa limepanda, kuku wakipekua karibu na miguu yao.

"Sogea kidogo," mama alisema. "Umemkanyaga mmoja."

Jumatatu, Khisa alimweleza Cheptoo yote. Cheptoo hakucheka wala hakutoa maelezo ya kitaalamu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Pole. Lakini hii kitu itatumiwa na watoto wa watu. Toa jina lako kwa hayo mafaili yote." Alisema kwa upole, na Khisa aliona alikuwa sahihi. Walifuta jina lake kila mahali. Walipowasha tena, mistari ilikuwa kumi na miwili, kuanzia Amri, na hivyo ndivyo programu ilivyokwenda shuleni muhula wa pili. Hakuna mwalimu aliyelalamika.

Lakini Khisa alibakiza faili moja kwenye laptopu yake, nyumbani kwake Kibomet. Ndani yake mlikuwa na jina lake tu. Kila Jumapili baada ya kanisa mama alipiga simu.

"Fungua uniangalizie."

"Wako, Mama."

"Wote wawili?"

"Wote."

Kisha angeuliza habari nyingine. Polepole Khisa alizoea, ikawa kama kuulizwa habari za ndugu walio safarini. Siku moja mgeni kanisani alimuuliza wamezaliwa wangapi, naye akajibu watano kabla hajajua amesema nini. Hakulirudisha neno.

Ilikuwa Jumapili ya Julai alipofungua lile faili na kuona jina lake limesogea. Lilikuwa limesukumwa kulia. Alihesabu kwa kuweka herufi kwenye mstari wa chini. Kidoa cha kwanza sasa kilikuwa na upana wa herufi nne, cha pili tatu na kitu. Alikaa akikitazama kioo hadi simu ikalia.

"Wako?" mama aliuliza.

"Wako." Kisha akaongeza, "Mama, wamekuwa wakubwa."

Alisikia kiti kikivutwa kwenye saruji ya baraza, na mama akiketi.

"Ni miezi mingapi tangu tuwaite?"

"Minne."

"Basi ni sawa," mama alisema. "Ni sawa hivyo." Kisha akamuuliza kama kile kikohozi chake kimeisha, na kama mahindi ya Kitale yameanza kutoa mbelewele.

Simu ilipokatika, Khisa aliusogelea ule mstari. Wakiendelea kukua hivyo, kati ya jina lake na ukingo wa ukurasa hapangebaki nafasi. Aliweka kishale mbele ya herufi ya kwanza ya jina lake, akalishusha hadi mstari wa chini, akawaachia mstari wao mzima. Alingoja kuona kama watamfuata.

Hawakumfuata. Walibaki palepale juu yake, bega kwa bega, kwenye mstari usio na neno hata moja.