Sauti Bila Picha

Waisake alifika kabla duka la intaneti halijafunguliwa. Rohini Lata, aliyeliendesha, alimkuta ameketi kizingitini, simu mkononi, na mama yake, Nau Taraivini, amesimama kando akikamua maji ya mvua kwenye upindo wa sulu yake, kitambaa cha kujifunga kiunoni. Ilikuwa Jumamosi, wiki ile ya Januari ambayo mafuriko yalivimeza vitongoji vya Brisbane. Watu wa Labasa, huku Fiji, walikuwa wameshinda mbele za televisheni tangu Jumanne, kwa kuwa hakuna nyumba pale mjini isiyokuwa na mtu wake Australia.

Waisake alikuwa seremala, kiziwi tangu kuzaliwa. Meza zote tano za duka lile la intaneti alizitengeneza yeye, na siku zile za kuzipigilia alimfundisha Rohini alama za mikono zipatazo thelathini: chai, msumari, kesho, mvivu. Dada yake Akosita alikuwa kiziwi vilevile. Yeye aliolewa Goodna, kitongoji kilicho karibu na Brisbane, ukingoni mwa mto, mahali ambapo televisheni ilikuwa ikionyesha mapaa tu yakichungulia majini. Tangu Jumatano hakuwa amejibu ujumbe hata mmoja.

Waisake alimnyooshea Rohini simu. Ujumbe ulitoka chama cha viziwi kule mji mkuu, Suva, umetumwa jana yake jioni: *Kuna video kutoka kwa dada yako. Imerekodiwa na wahudumu wa mafuriko. Ni mambo ya familia, sisi hatujaifungua. Ingia kwenye ukurasa wetu.*

"Karibuni ndani, Nau," Rohini alisema, akimwita mama kwa Kifiji, huku akihangaika na kufuli. "Tutaiona sasa hivi."

Aliwakalisha mbele ya mashine ya nne, ile yenye kioo kikubwa. Ukurasa wa chama ukafunguka, jina la Akosita likaonekana, na chini yake kisanduku cha video. Rohini akabofya. Kisanduku kikabaki cheupe, kisha yakatokea maandishi: plagini hii hailingani na toleo la kivinjari chako.

Rohini alijua aliyefanya hivyo. Jumapili iliyopita, akiwa amechoshwa na kile kidirisha kilichokuwa kikimkumbusha kila asubuhi kwamba kuna toleo jipya, alikubali mashine zote tano zisasishwe kivinjari, akaenda zake kupika. Hakukumbuka kwamba kivinjari si kitu cha kukaa peke yake. Kuna kicheza video kilichomo ndani ya mashine, na kuna plagini, kijiprogramu kidogo kinachokaa katikati na kukipa kivinjari uwezo wa kuonyesha video. Hivyo vitatu vinatakiwa kuelewana. Ukibadilisha kimoja ukaviacha vingine, ni kama kubadilisha kitasa cha mlango na kubaki na ufunguo wa zamani.

"Kuna nini?" Nau Taraivini aliuliza.

"Kitu kidogo tu, Nau. Programu imepitwa na wakati. Nashusha mpya."

Mvua ilikuwa imeulemaza mtandao. Ule mstari wa kuonyesha kiasi kilichoshuka ulisogea kwa kujikokota. Waisake alikuwa ameukazia macho, na kila uliposimama, naye alisimamisha mguu wake uliokuwa ukigonga sakafu. Saa nzima ilipita. Katikati ya saa hiyo aliingia Mzee Jagdish, aliyewahi kuendesha lori la miwa, ambaye kila Jumamosi alikuja kusoma habari za kriketi. Akavua kofia, akaangalia zile nyuso, akavuta kiti mashine ya pili.

Hatimaye ikashuka. Rohini akaiweka, akafungua ukurasa upya, akabofya. Kutoka kwenye spika mbili ndogo ikatoka sauti ya mvua.

"Haya!" Rohini akapumua, na bila kufikiri akamgeukia Waisake akamwinulia dole gumba.

Waisake akamtazama. Akatazama kioo. Akamtazama tena. Kisanduku kilikuwa cheusi tititi. Pale ndipo Rohini alipoelewa alichokuwa amemwambia mtu yule, akashusha mkono wake kwa haya, akauficha mapajani.

Lakini sauti iliendelea. Mvua ilipiga juu ya bati, mashine ya boti ikanguruma kwa mbali, mbwa akabweka. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke, si maneno, pumzi tu zikikatikakatika, zikipanda na kushuka, mara zikakwama kooni na kufumuka tena. Kwa nyuma mwanamume mmoja akasema kwa Kiingereza, "Pole pole, mama, pole pole." Baada ya dakika mbili hivi ikakatika.

Nau Taraivini alikuwa ameshika kingo za meza. "Mwanangu analia," alisema. "Hiyo ni sauti ya Akosita, mimi ndiye niliyemzaa. Analia hivyo kwa nini? Mtoto yuko wapi? Mbona mtoto sikumsikia?"

Akosita alikuwa na mtoto wa miezi saba. Katika sauti ile yote mtoto hakuwamo.

Waisake hakuwa amesikia chochote, ila aliuona uso wa mama yake. Akamgusa bega, akauliza kwa mkono: nini? Mama alibaki ametazama spika. Akauliza tena, kwa nguvu zaidi, mikono ikipiga hewa: nini, nini, nini? Nau Taraivini akachora machozi mashavuni mwake kwa vidole viwili, kisha akakunja mikono kama anayebeba mtoto na kuifungua ikiwa mitupu. Alitaka kusema kwamba mtoto hajulikani alipo. Waisake alielewa vingine. Alirudi nyuma hatua moja akajigonga ukutani, akabaki hapo.

"La, la, la!" Rohini aliruka kutoka kitini. Katika zile alama zake thelathini halikuwemo neno la kufaa. Akachukua karatasi, akaandika haraka: *HATUJUI. Tumesikia sauti tu. Picha bado. Ngoja.* Akampa. Waisake akaisoma, akamrudishia, akaonyesha kioo cheusi kwa kidole. Hakuhitaji kuongeza alama nyingine.

"Didi," Mzee Jagdish alisema kwa sauti ya chini, akimwita dada kwa Kihindi, "si upige simu Suva wakufungulie huko?"

"Jumamosi, Mzee. Hawafungui mpaka Jumatatu."

"Basi msikilizeni tena. Sauti si ipo? Nusu ya mkate si njaa."

"Mzee, ongea mambo ya kriketi!" Rohini alimfokea. "Anayeongea kwa mikono utamsikiliza nini?"

Mzee Jagdish akaizungusha kofia yake mkononi. Baadaye kidogo akasema, "Kweli. Hapo nimesema upuuzi."

Rohini alirudi kwenye mashine. Akavikunja vidole na kuvikunjua kama alivyozoea kufanya kabla ya mitihani. Ikiwa sauti inatoka, alijiambia, basi video imefika, mtandao hauna kosa. Kuna kinachozuia picha humu humu ndani. Akafungua orodha ya plagini zilizomo kwenye kivinjari, akaishusha taratibu, akisoma jina moja moja. Na hapo akaziona, zimefuatana kama mapacha: plagini mbili za jina moja, moja toleo la tisa, nyingine la kumi. Ile mpya ilikuwa imeingia bila ile ya zamani kutoka. Sauti ilichukuliwa na mpya, picha ilidakwa na ya zamani, na ya zamani haikuelewana tena na kivinjari.

"Nimekushika," alinong'ona.

Akaifuta ile ya tisa. Akabofya video. Safari hii hata sauti haikutoka.

Nau Taraivini aliinamisha kichwa akaanza kusali kwa Kifiji, midomo tu ikienda. Rohini alitaka kulia na hakuwa na haki ya kulia mbele ya watu wale. Akajilazimisha kufikiri kwa mpangilio. Plagini mpya ilipojiweka, iliikuta ya zamani, ikaegemea baadhi ya mafaili yake badala ya kuleta yake yote. Yeye sasa ameondoa ile iliyoegemewa. Basi hakuna njia ya kuchagua kipi kitoke kipi kibaki. Vyote vitoke, kicheza video na plagini zake, mpaka pasibaki hata vumbi lake, ndipo kiwekwe upya kimoja tu. Faili la kuweka lilikuwa limeshashuka, kwa hiyo hakuhitaji kuusubiri tena ule mtandao.

Akafunga kivinjari. Akaondoa kicheza video. Akaingia kwenye folda alimokuwa hajawahi kuingia, akasaka kila faili lenye jina lile, akafuta. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. "Nina uhakika," aliijibu kwa mdomo, na Mzee Jagdish akasema, "Iambie, Didi." Akaizima mashine, akaiwasha.

Kuwaka kwake kulikuwa kwa taabu, mashine yenyewe ya zamani. Waisake alikuwa ameondoka ukutani. Alikuja akachuchumaa kando ya kiti cha Rohini, kiganja chake kimelala juu ya kasha la mashine, akisikilizia mtetemo wake.

Rohini akaweka kicheza video upya. Akafungua orodha: plagini moja, toleo la kumi. Akafungua ukurasa wa chama. Akamtazama Waisake, na mara hii hakumwahidi kitu. Akabofya.

Kisanduku kikawa cheusi, sekunde moja, mbili. Kisha kikajaa rangi.

Akosita alikuwa ameketi kwenye benchi katika ukumbi wa shule, amevaa fulana kubwa ya kiume isiyokuwa yake, nywele zimesimama kila upande. Mapajani mwake alilala mtoto, mnene, kinywa wazi, usingizi wa fofofo. Mbwa mwekundu aliyelowa alijikung'uta, akawarushia maji wote waliokuwa karibu. Na Akosita alikuwa akicheka. Alicheka mpaka anapinda, mpaka mabega yanaruka, ile sauti isiyosikiwa na masikio yake mwenyewe ikimtoka hovyo, huku mwanamume aliyevaa koti la uokoaji akimsaidia asimwangushe mtoto. Alikuwa akijaribu kueleza jambo kwa mikono, na kila alipofika mahali fulani kicheko kilimzidi akaanza upya.

Waisake alitoa mlio mmoja mkubwa. Akakaa chini sakafuni, akiwa bado amekikodolea macho kioo, na akaanza kucheka naye, kicheko kilekile hasa, cha kukatikakatika na kukwama kooni. Nau Taraivini alimtazama mwanawe, akatazama kioo, akaweka viganja vyote viwili kichwani.

"Anacheka! Mtoto huyu mshenzi! Mimi nimeshamzika moyoni, kumbe anacheka!"

"Anasema nini?" Rohini aliuliza, akakumbuka, akauliza kwa mkono.

Waisake akasimama, akaanza kutafsiri kwa zile alama walizotunga nyumbani tangu utotoni, na mama akazitamka kwa sauti kwa ajili ya Rohini na Mzee Jagdish. Maji yaliingia jikoni alfajiri. Friji likaelea. Paka wa jirani akapanda juu ya friji, na friji likatoka mlangoni na paka juu yake kama mheshimiwa anayekwenda bungeni. Mume wake, badala ya kuokota simu, alikuwa akimpungia paka mkono. Simu zote mbili zikazama. Walitolewa na boti, wote watatu na mbwa. Mkeka wa harusi uliosukwa na Nau uko salama, ndio aliomfunikia mtoto botini. Nyumba haifai tena, ila hakuna aliyekatwa hata ukucha. Na mwisho alimwambia Waisake: mama asijinyime chakula, namjua, mlishe.

Nau Taraivini aliposikia kinywa chake mwenyewe kikitamka hayo, alimgeukia Waisake. "Amejuaje?" aliuliza. "Sijaweka kitu tumboni tangu Alhamisi."

Walitazama mara nne. Mara ya tatu Mzee Jagdish alisimama nyuma yao kabisa, akitaka aonyeshwe tena alama ya paka. Kisha Rohini akafunga kamera ndogo juu ya kioo, na Waisake akamjibu dada yake kwa mikono, mfululizo, bila kupumzika. Mama yake alisimama nyuma yake akizuga kumgombeza Akosita kwa kidole, huku amejaa machozi. Rohini hakufahamu nusu ya maneno ya Waisake. Alitambua moja tu, mvivu, na kwa jinsi lilivyoelekezwa alielewa kwamba ni la shemeji aliyeacha simu izame.

Ujumbe ulipokwisha kwenda, duka likatulia. Mvua nayo ilikuwa imepungua. Rohini akagundua kuwa ni saa nane mchana na hajala. Akafungua kopo lake la chakula: roti tatu na kari ya viazi na dengu, imeshapoa. Akaliweka katikati ya meza.

"Nau, kula. Umeamriwa."

"Nitakula," Nau Taraivini alisema, akiwa ameshakata kipande. "Nitakula mpaka unifukuze. Pilipili iko wapi?"

Waisake alimgusa Rohini mkononi. Akaonyesha mashine ya nne, akainua dole gumba, akalishikilia hewani mbele ya pua ya Rohini muda mrefu, uso mkavu kabisa, mpaka Rohini akaona haya na kumpiga kwa kitambaa cha kufutia vioo.

"Hiyo nilistahili," Rohini alisema, akamega roti.