Lubugo ya Mnadani

"Sema tena, nisikie vizuri," Magdalena alisema. "Uliinunua kwa sababu gani?"

"Dau lilikuwa chini," Evarist akajibu. "Hakuna mtu aliyepandisha."

"Hakuna aliyepandisha kwa sababu wenzako wana akili! Nani ananunua lubugo mnadani, Baba Alexander? Mama yako mgonjwa yuko chumba cha pili, wewe unaingiza ndani nguo ya kuzikia!"

"Punguza sauti."

"Ameshaiona. Nipunguze sauti ya nini?"

Aliiona asubuhi ile. Bibi Anatolia alikuwa ametolewa kijijini kwake Ijumbi na kuletwa kwa mwanawe Buhembe ili awe karibu na hospitali, maana moyo ulikuwa unamsumbua, na alikwisha anza kupata nafuu. Alikuwa akitafuta shuka la ziada, akafungua kabati la ukumbini. Chini ya vikorokoro vya mwanawe akakuta gome la mti lililopondwa likalainika, la kahawia, limekunjwa kama linavyokunjwa msibani. Hakupiga kelele. Alilifunga kabati, akarudi kitandani, akakataa uji. Dawa nazo akazikataa.

"Kama nguo yangu mmeshaiandaa, dawa za nini?" alimwambia Magdalena. "Nirudisheni nikafie kwenye kibanja changu."

Kule Ijumbi aliishi peke yake. Hakukuwa na wa kumsimamia anywe dawa, na daktari alishawaambia kwamba akiziacha, hamalizi mwezi.

Evarist hakuwa mlevi wala mhuni. Ugonjwa wake ulikuwa mnada wa kwenye simu. Pasi isiyo na waya, blenda zisizosaga, kofia ya pikipiki wakati pikipiki hana. Raha yake ilikuwa kuona jina lake limebaki juu muda ukiisha. Kitu chenyewe akishakileta nyumbani hakitazami tena.

"Nenda ukamwambie ukweli," Magdalena alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba mwanawe, mwalimu mzima, ananunua takataka?"

"Hivyo hivyo. Aibu yako haitamuua. Kuacha dawa kutamuua."

Wakaingia. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kitenge amekwisha jifunga, mkoba mapajani. Evarist akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ile lubugo si yako."

"Ni ya nani, mwana wange? Nani mwingine anaumwa humu ndani?"

"Mama, mimi nina tabia moja..."

Simu ikalia mfukoni mwake, mlio ule wa dakika ya mwisho ya mnada. Mkono ukaenda wenyewe. Akaitoa, akaitazama, akabonyeza mara moja tu, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Bibi alikuwa akimwangalia.

"Umeninunulia nini tena?" akauliza.

Magdalena hakungoja jibu. Alizoa dawa zote mezani akazitia kwenye begi, akaongeza nguo zake mbili na khanga.

"Mama, tunakwenda Ijumbi, mimi na wewe. Nitakaa huko mpaka upone. Lakini dawa utazimeza mbele yangu."

"Nikiwa kwangu, nitameza," Bibi akasema.

"Haya, nyanyuka."

"Mama Alexander, na watoto?" Evarist akasimama, simu bado mkononi.

"Wanatoka shule saa tisa. Maharage yameiva, hayajaungwa. Vitunguu unajua vilipo."

Akamshika bibi kiwiko, wakatoka taratibu hadi barabarani. Akasimamisha bajaji, akampakia mama mkwe kwanza, akaingia.

"Stendi," alimwambia dereva. "Twende."