Wa Kizingitini

Chini ya kizingiti cha nyumba yake, huko Mocímboa da Praia, Mwanvua alimzika mjukuu asiyekuwa na uso.

Mimba ya mkwewe, Zulfa, ilikuwa ya miezi mitatu, tumbo la miezi sita. Majirani wakasema mapacha hao. Mashine ya maternidade, hospitali ya wazazi, ikaonyesha vishada vya malengelenge, mithili ya mayai ya pweza, na mtu hamna. Kondo la nyuma lilikuwa likijikuza lenyewe. Wauguzi wakamsafisha kizazi. Kipande kikapelekwa kupimwa, kilichobaki Mwanvua akakiomba, maana kwao kondo halitupwi: huzikwa mlangoni, mtoto apate kuijua njia ya nyumbani.

“Lakini hili halina mtoto, mama,” Zulfa akasema.

“Ndiyo maana limepotea. Nitalionyesha njia.”

Tangu hapo Zulfa akawa anakiruka kile kizingiti. Kichefuchefu hakikumwacha. Mumewe, Shamte, alikuwa bado Mtwara kwenye biashara, tangu kabla ya kusafishwa. Zulfa akanunua kipimo cha mimba. Mistari miwili.

Mwanvua akapiga vigelegele. “Karudi! Kaijua njia!” Akamfunga uzi mweusi kiunoni, akamkataza kutoka. “Mimba changa haitembezwi, mwanangu. Macho ya watu hayo.”

Zulfa akamkumbuka Laura, muuguzi aliyewafundisha yeye na wenzake masomo ya jioni. “Seli haikui kwa kutaka,” alisema. “Huja protini, ikabisha hodi: kua! Ndivyo mtoto anavyoota vidole. Kisha hodi inanyamaza. Saratani ni hodi isiyonyamaza.”

“Kama mama mkwe wangu!” mmoja akadakia, darasa zima likaangua kicheko.

Siku ya kumruhusu kutoka hospitali, Laura huyohuyo alimwonya: “Dalili zikirudi, hata kipimo kikisema mimba, njoo. Mabaki ya kondo hili huweza kugeuka saratani. Inatibika, mradi uwahi.”

“Mama, nakwenda kwa Laura.”

“Watakutoa mimba! Utamuua!”

“Nitamuua nani, mama?”

Mwanvua akaukaza ule uzi mweusi. Jina hakuwa nalo.

Mlangoni, Rukaya, bintiye Zulfa aliyeanza kusema juzijuzi, alikuwa amekaa akipigapiga udongo kwa kiganja. Akaacha. Akalaza sikio chini, akatulia kama anayesikiliza.

“Hodi,” akasema, akamtazama mama yake. “Hodi, hodi.”

Zulfa akamnyakua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga, akaukata ule uzi. Safari hii hakuruka. Alikikanyaga kizingiti kwa unyayo mzima, na udongo ulikuwa na joto.

“Ngojangoja huumiza matumbo, mama,” alisema bila kugeuka, akakaza mwendo.