Mlango wa Baba Mkwe

Mimi sikujaliwa subira, na asinisimange mtu kwa hilo. Ni kinyozi: kichwa dakika ishirini, ndevu dakika kumi, haya, anayefuata. Kwa haraka hiyohiyo, Jumatatu, nikirudi kutoka kumpeleka baba mkwe hospitali kutolewa mtoto wa jicho, nililikwaruza gari lake kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe. Mlango wa mbele, upande wa abiria, mchubuko wa urefu wa mkono wangu, hadi bati likachungulia.

Kwanza mumjue mzee huyu. Ni mpima ardhi mstaafu. Gari lile la buluu alilinunua jipya, na usukani wake hakuugusa mtu mwingine, hata binti yake, ambaye ndiye mke wangu. Macho yalipoanza kuingia ukungu aliliegesha uani, juani, akawa analiwasha tu kila Jumamosi na kulisikiliza. Miaka minne hiyo. Sisi tunaishi nyumba ya nyuma, uani hapohapo, na funguo zile nilikuwa nazisikia tu zikicheza mfukoni mwake. Asubuhi ile ya hospitali ndipo akanikabidhi, shingo upande. "Haya, kinyozi. Nakuamini," akasema. Hakuwahi kuniambia neno hilo, hata siku aliponipa mke.

Ijumaa angerudi na macho mapya.

Fundi rangi nilikwenda kumwona, akasema wiki mbili, foleni ndefu. Basi nikaenda kwa muuza rangi. Akasoma namba ya rangi kwenye kibandiko nilichokibandua mlangoni, akanipa makopo ya kunyunyiza: ya msingi, ya buluu na ya vanishi. Akaanza kunieleza jinsi ya kupiga. Nikamwambia, "Kaka, mimi nanyoa watu kwa wembe, mkono hautetemeki." Akanirudishia chenji.

Loo! Jumanne nilipiga msasa vizuri, nikaujaza mchubuko pati, nikasawazisha, nikapiga ya msingi. Lakini buluu niliimwaga yote kwa mpigo mmoja nipate kumaliza. Nikarudi nyuma kutazama. Rangi ikaanza kuteremka taratibu, michirizi mitatu, hadi chini ya kitasa.

Mke wangu alikuwa dirishani na cherehani yake. "Gari linalia," akasema.

"Nyamaza, mwanamke!"

"Mimi nimenyamaza. Linalolia ni hilo."

Nikalitupa kopo, nikalitukana, nikalifuata nikaliokota. Kisha nikarudi kwa muuza rangi kichwa chini. Hakunicheka, Mungu ambariki; akaniuzia kopo jingine la buluu. Akaniambia: tikisa kopo dakika mbili za saa, si dakika mbili za roho yako. Simama shubiri moja na kidogo kutoka kwenye bati. Anza kubonyeza kabla hujaufikia mlango, achia ukishaupita, mkono uende sambamba kama unapiga pasi. Koti la kwanza la rangi lisifunike kitu, liwe ukungu tu. Halafu kaa chini, ungoje robo saa. "Hapo kwenye kukaa," akasema, "ndipo watu wanapoharibu."

Jumatano nikaanza upya. Nikaikwangua michirizi kwa msasa wa maji mpaka kiganja kikipita hakisikii kitu. Nikaziba vioo, tairi na bati lote la jirani kwa magazeti, nikanyunyiza maji ardhini vumbi lisiamke. Ukungu wa kwanza. Nikakaa kwenye kigoda. Nyie, robo saa ni ndefu! Ukungu wa pili. Nikakaa. Kufikia wa tatu niliona ajabu: moyo ulikuwa umetulia, nilikuwa nasikia cherehani ya mke wangu ikienda na kusimama, na sikutaka kwenda popote.

Hapo simu ikalia. Baba mkwe, kutoka kwa dada yake anayekaa karibu na hospitali.

"Gari salama?"

"Salama kabisa, Baba," nikasema, kopo mkononi. Maneno yalitoka yenyewe. Cherehani ilisimama, na haikuendelea mpaka nilipokata simu.

Alhamisi alfajiri, kabla ya upepo, nikapiga vanishi, makoti mawili membamba. Jioni nikabandua magazeti. Mlango uling'aa hadi nikajiona meno. Nikamwita mke wangu, nikarudi nyuma hatua tano ili nijisifu vizuri.

Mlango ulikuwa wa buluu. Gari halikuwa la buluu tena. Jua la miaka minne lilikuwa limelichuja likawa rangi ya shati lililofuliwa sana. Namba ilikuwa sahihi, mkono ulikuwa sahihi, na mtu angeuona mlango ule akiwa ng'ambo ya barabara. "Nimekwisha," nikasema. Mke wangu akanishika bega, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakunitania.

Ijumaa mzee alishuka kwenye teksi, akavua miwani ya giza, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Akasimama. Akaweka kiganja juu ya mlango, akakipitisha polepole kutoka bawaba hadi kitasa. Akatazama boneti. Akarudi mlangoni.

"Huu ndio wangu," akasema. "Rangi niliyoinunua ndiyo hii. Haya mengine mmeyafanya nini?"

"Ni jua, Baba," akasema binti yake.

"Na huu mlango jua halikuuona?"

Ningeweza kusema niliupaka kama zawadi ya kumkaribisha. Uongo ulikuwa tayari, umenyooka, hauna hata mchirizi. Nikamtazama usoni, macho yake yalikuwa maangavu, yananitazama mimi hasa, sijawahi kutazamwa vile na mzee huyu.

"Niliugonga, Baba. Jumatatu, kwenye nguzo ile. Nimeupaka mwenyewe."

Akageuka kuitazama nguzo. Akahesabu kwa vidole.

"Jumatano nilipiga simu."

"Ndiyo, Baba."

"Ulikuwa umeshaugonga."

"Ndiyo. Nilikudanganya. Niliogopa utaninyang'anya lile neno ulilonipa."

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee akapapasa mlango tena, mahali palepale palipokuwa na jeraha, na hakupata alama.

"La mlango limekwisha," akasema. "La simu bado. Hilo litanichukua muda, na usiniharakishe."

"Sitakuharakisha, Baba."

Akavaa miwani yake, akaelekea ndani ya nyumba yake. Kizingitini akageuka.

"Kesho asubuhi anza na boneti. Mimi nitakaa hapa kwenye kigoda nikutazame. Sasa naona."