Makofi ya Nyanya

Chombo chenyewe kilikuwa kidogo, hakizidi boksi la viatu, lakini umbea wake sasa! Unakiweka kando ya mche, nacho kinanasa sauti ambazo sikio la binadamu haliambulii, kisha kinazitoa kwenye spika: ta, ta, ta. Mche ulioshiba maji hukaa kimya. Wenye kiu hupiga kelele mpaka uuonee huruma.

Mtafiti alikuwa ameotesha nyanya za marehemu mama yake, mbegu za mwisho kabisa. Hizi zikifa, basi tena. Kila asubuhi alizinywesha kabla yeye mwenyewe hajanywa chai. Ndipo ikaja habari kwamba mheshimiwa anakuja kuzindua kitalu. Mkurugenzi, ambaye ni mjomba wake wa damu na ndiye aliyemwingiza kazini, akaja kusikiliza, akanuna. Mbona kimya? Mgeni atasikia nini? Akapiga marufuku maji mpaka sherehe ipite.

"Mjomba, kile ni kilio," mtafiti akasema.

"Kwenye spika ni makofi. Usiniaibishe, mwanangu."

Siku ikafika. Wafanyakazi walipangwa juani nje ya mlango wa kitalu, ulioachwa wazi, tangu asubuhi, hata tone la maji hawajapewa, maana chupa zote zilikuwa za meza kuu. Ndani majani yamelegea, spika zinarindima kama mvua juu ya bati. Mheshimiwa akashika kifua. Hata mimea inamkubali, jamani! Akaanza kuhutubia, na hotuba yenyewe haina breki. Mtafiti alipoona mche wa mbele unalala chini, roho ilimuuma, uvumilivu ukamshinda. Akafungua koki, akavuta mpira, akamwagilia mstari kwa mstari, mjomba akimkata jicho na hotuba ikizidi kurefuka.

Sauti za spika zikapungua, zikapungua, mwisho zikanyamaza. Mheshimiwa akakwama katikati ya ahadi.

"Zimekasirika?"

"Zimekunywa maji, mheshimiwa," mtafiti akasema. "Zilikuwa zinalia kiu."

Mjomba, jasho linamtiririka, akawageukia wafanyakazi kule juani, akawapungia mikono. Nao, midomo imewakauka, macho hayabanduki kwenye ule mpira, wakapiga makofi kwa nguvu zote. Mheshimiwa akatabasamu, akaendelea na hotuba yake.